Timu ya Ridhaa, Lakini Ridhaa ya Nani?

  

Mwezi huu tunazungumza mpira. Dada yangu, usikimbilie kurasa za mitindo kwanza! Najua wengi wetu tukisikia neno mpira tunaona sebule imejaa wanaume, maganda ya karanga kwenye zulia, na mtu mzima mwenye kazi yake anaipigia televisheni kelele kana kwamba refa anamsikia. Mimi nilikuwa hivyohivyo. Sasa hivi nimebadilika kidogo, na kilichonibadilisha ni laki sita zangu pamoja na timu moja ya zamani ya kule kwetu. Kaa vizuri nikusimulie.

LAKI SITA

Sisi tunajenga. Kama nawe unajenga unajua jinsi kila shilingi inavyokuwa na jina lake: hii ya kokoto, hii ya nondo, hii ya fundi. Nyumba yetu ilikuwa imeshaezekwa, bado madirisha. Hela ya madirisha tuliiweka kwenye akaunti yetu ya pamoja na tukakubaliana haiguswi, hata aje nani.

Siku moja fundi wa aluminiamu akanipigia simu. "Dada, malipo ya awali vipi? Nina wateja wengine hapa." Nikafungua akaunti nimtumie. Laki sita hakuna.

Nilidhani tumeibiwa. Nikashinda siku nzima ofisini sina raha, mpaka mume wangu aliporudi jioni na kumweleza. Wala hakushtuka. Akatazama kandambili zake, akasema, "Nilichukua mimi. Vijana wanaanza ligi Jumamosi, hawana jezi."

Vijana wenyewe ni timu ya mtaani kwao, timu aliyoichezea tangu yuko sekondari. Siku hizi yeye ni mlezi wa timu, cheo ambacho maana yake ni kwamba kila kinachokosekana anaulizwa yeye. Jezi, soksi, mipira miwili na ada ya kushiriki mashindano. Madirisha yangu yote yakaingia uwanjani.

Nilisema mengi usiku ule, mengine hayaandikiki kwenye gazeti la heshima kama hili. Yeye alisema sentensi moja tu, "Ile timu ndiyo iliyonilea," akaenda kulala. Siku tatu zilizofuata tulizungumza kupitia watoto. Mwambie baba yako chakula kipo mezani. Mwambie mama yako ahsante.

Bahati nzuri nilikuwa nimeshaomba likizo ya kwenda kumwona mama yangu Tukuyu, kule wilayani Rungwe. Nikafunga begi nimenuna, nikapanda basi nimenuna, na tulipoiacha Uyole na kuanza kuingia kwenye migomba na mashamba ya chai bado nilikuwa nimenuna.

"JEZI ZA RANGI GANI?"

Mama alinipokea na "ugonile" yake na sahani ya mbalaga, zile ndizi zetu ambazo ukizila huku nje mvua inanyesha unasahau kabisa kama kuna jiji linaitwa Dar es Salaam. Nikala, nikashiba, nikaanza kumwaga moyo. Nilimweleza yote, akaunti, fundi, kandambili. Nilitegemea pole mwanangu, wanaume ndivyo walivyo.

Mama akaniuliza, "Jezi za rangi gani?"

"Mama!"

"Nauliza tu."

Halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kanga. Alipotulia akasema, "Wewe bwana, umeolewa na baba yako mwenyewe." Na hapo ndipo kwa mara ya kwanza aliponisimulia habari ambayo mimi, nikiwa mtoto wa miaka sita, niliipitia bila kuielewa.

MWAKA WA BANYAMBALA

Kwa msomaji uliyezaliwa juzi, ngoja nikuelekeze kwanza. Ligi yetu ya soka ilianza mwaka 1965. Kuanzia mwaka huo hadi 1985, misimu 21 mizima, kombe lilizunguka humohumo Dar es Salaam: Sunderland ambayo baadaye ikawa Simba, Cosmopolitan, Yanga, Pan African. Mara moja tu ndipo lilipotoka nje, mwaka 1975, Mseto ya Morogoro ilipoibuka bingwa. Mikoani watu walizoea kuwa wao ni wa kufungwa na kupiga makofi.

Mwaka 1986 ikapanda daraja timu ya Tukuyu Stars. Mashabiki waliiita Banyambala, yaani wanaume kwa Kinyakyusa. Sasa elewa Tukuyu ni mji wa namna gani. Hauna bandari kama Tanga wala reli kama Morogoro. Uko mlimani, karibu kilomita 70 kusini ya Mbeya kwenye barabara ya kwenda Kyela na mpaka wa Malawi, mji wa ndizi, viazi, chai na mvua. Mvua ya kwetu si ya utani, inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Timu iliyopanda daraja huwa inaomba jambo moja tu, isishuke. Tukuyu Stars wao, msimu wao wa kwanza kabisa, wakawa mabingwa!

Na ulikuwa mwaka mgumu jamani. Mzee Mwinyi alikuwa amepokea nchi kwa Mwalimu Nyerere Novemba 1985, na mwaka huo wa 1986 serikali ikatiliana saini na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ikaporomoka. Watu walikuwa wametoka kwenye foleni za sukari na sabuni. Televisheni Tanzania Bara haikuwapo mpaka miaka ya 1990. Kilichokuwapo ni Radio Tanzania Dar es Salaam, na betri zikiisha nguvu unazianika juani ili zikufikishe walau dakika ya tisini.

Kitu kingine: mpira wote wa Tanzania wakati ule ulikuwa wa ridhaa. Hakuna mchezaji aliyekuwa na mkataba wa mamilioni. Baadhi ya timu za mikoani zilibebwa na mashirika ya umma. Reli ya Morogoro ilikuwa na shirika la reli nyuma yake, na Pamba ya Mwanza ilikuwa na watu wa pamba. Mchezaji anapewa ajira, mshahara unatoka ofisini, jioni anakwenda mazoezini. Tukuyu Stars ilikuwa timu ya mji. Na timu ya mji inaendeshwa na watu wa mji, kwa ada zao, viingilio vyao, nauli zao na muda wao. Anayejitolea anajitolea, hakuna anayemlazimisha. Ndiyo maana ya ridhaa.

MABATI

"Sasa baba yako," mama akasema, "alikuwa mmoja wao."

Siku hizo nyumba yetu ilikuwa ya nyasi. Mama anasema mvua ikinyesha alikuwa na sufuria nne, na alijua kila moja inakaa wapi. Walikuwa wameweka hela ya mabati mwaka mzima, ya kuuza viazi na ndizi, kwenye kopo la majani ya chai lililofukiwa chini ya kitanda. Siku moja asubuhi baba akaaga anakwenda Mbeya mjini kuulizia bei za mabati. Hakurudi siku ile. Wala ya pili.

Siku ya tatu jirani mmoja akaja na habari: baba alionekana stesheni ya TAZARA, amepanda treni ya Dar na mashabiki wenzake. Tukuyu Stars ina mechi huko. Mama akaenda chini ya kitanda, akafukua kopo. Kopo lilikuwapo.

"Ulifanyaje?" nikamuuliza.

"Nikaweka sufuria ya tano," akasema. "Maana ile wiki nyasi za upande wa kitanda nazo zilikuwa zimeoza."

Baba alirudi baada ya siku tisa, sauti imemkauka, amebeba doti ya kanga mpya kutoka Dar. Mama hakumuuliza matokeo. Unaweza kuamini? Mji mzima unaimba, watu wanamzunguka baba awasimulie, na mke wake nyumbani hakumuuliza mpira uliishaje. Ile kanga aliiweka sandukuni, hakuivaa. Baadaye alipojifungua mdogo wangu ndipo akaitoa kumbebea mtoto, kwa sababu, anasema, mtoto hana kosa.

Hapo mimi nikaona nimepata mwenzangu. Nikasema, "Kwa hiyo mama unajua ninavyoumia. Hela ya watoto inakwenda kwenye mpira!"

Mama akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ngeni.

"Nani kakwambia niliumia kwa ajili ya mpira?" akasema. "Mimi ndiye niliyempeleka baba yako uwanjani mara ya kwanza. Yeye alikuwa hajui hata kona ni nini. Mimi nilikuwa nauza karanga pembeni ya uwanja tangu msichana, wachezaji nilikuwa nawajua kwa miguu yao, hata kabla sijatazama sura. Ile siku ya mechi, baba yako akiwa Dar, mimi nilikuwa kwa jirani nimekaa jikoni nasikiliza redio yao ya sebuleni kupitia ukutani, maana sikutaka mtu anione nafurahi."

Akanyamaza kidogo, akachochea moto.

"Angeniambia, mwanangu, tungepanda treni wote. Mabati yangesubiri, mimi mwenyewe ningesema yasubiri. Walijiita Banyambala, wanaume. Sawa. Lakini waume wakiwa uwanjani, ng'ombe alikuwa anakatiwa majani na nani? Timu ya ridhaa, sawa. Baba yako alitoa ridhaa yake. Ya kwangu nani aliiomba?"

Msomaji wangu, nilikosa la kusema. Nilikwenda Tukuyu kutafuta shahidi wa kesi yangu, na shahidi mwenyewe akanionyesha kwamba hata kesi nimeiandika vibaya. Nilikuwa nimempigia mume wangu kelele za jezi usiku mzima, eti timu ya watoto wa mtaani ina faida gani, na hilo ndilo lililomfanya aende kulala. Neno ambalo kweli lilikuwa linaniuma, kwamba hakuniambia, sikulisema hata mara moja.

KOMBE LA MWAKA MMOJA

Kabla sijarudi Dar, ngoja nimalizie habari ya timu, maana ina funzo lake.

Tukuyu Stars haikulirudia kombe lile. Miaka miwili baadaye, 1988, Coastal Union ya Tanga ilifanya maajabu kama hayo kwa upande wake. Mtibwa Sugar ya Turiani, Morogoro, timu ya kiwanda cha sukari, ikachukua ubingwa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25 kombe halijatoka tena Dar es Salaam, ni Simba na Yanga, na Azam mara moja msimu wa 2013/14. Tukuyu Stars yenyewe ilishuka, na jina lake siku hizi unalisikia zaidi midomoni mwa wazee. Kila baada ya miaka kadhaa utasikia watu wa kwetu wanataka kuifufua.

Kwa nini haikudumu? Wachambuzi wa mpira watakupa sababu nyingi. Mimi nakupa ninayoielewa. Timu ndogo ikifanya vizuri, wachezaji wake wanaonekana, na wakionekana wanachukuliwa. Sekilojo Chambua, ambaye wengi mnamkumbuka kwa jezi ya Yanga na Taifa Stars, alipitia Tukuyu Stars. Huwezi kumlaumu kijana kwa kwenda penye uwanja mkubwa na maisha bora. Halafu wale waliobaki nyuma, wanaochanga na kusafiri, wanachoka. Mwaka wa kwanza unauza viazi kwa furaha. Mwaka wa tatu mke anauliza, na watoto wanataka ada. Wenye mashirika nyuma yao nao, miaka ya 1990 mashirika yalipobinafsishwa, wengi waliyumba vilevile.

Mtu mmoja akijitolea peke yake, kwa siri, akiwakwepa watu wa nyumbani kwake, atafika mahali atachoka au atafukuzwa. Nyumba nzima ikijua na ikakubali, walau mzigo una mikono mingi. Sisemi kwamba Tukuyu Stars ingebaki bingwa mpaka leo kama kina mama wangepandishwa kwenye ile treni. Ila nasema kina baba wengi wangepumua.

Nilimuuliza mama kama alimsamehe baba. Baba alifariki miaka mingi sasa. Akasema mabati yaliezekwa mwaka uliofuata, na siku ya kwanza mvua iliponyesha juu ya bati walikaa kitandani wote wawili wanasikiliza, mlio mkubwa hata hawasikilizani. Ndipo yeye kwa mara ya kwanza akamsogelea baba sikioni akamuuliza, "Haya, ile mechi ilikuwaje?" Baba akamsimulia mpaka alfajiri.

NYUMBANI

Nilirudi Jumatano usiku. Mume wangu alikuja kunipokea stendi, akabeba begi, kimya. Kwenye gari nikamuuliza, "Jezi za rangi gani?"

Akageuka kunitazama mpaka nikamwambia atazame barabara. "Bluu," akasema. "Yenye mistari myeupe."

Tukazungumza usiku ule, safari hii bila watoto kuwa wakalimani. Nikamwambia kilichoniuma si jezi, ni kufungua akaunti mbele ya fundi na kukuta sijui habari za nyumba yangu mwenyewe. Naye akaniambia jambo ambalo katika miaka 15 ya ndoa sikuwahi kulisikia: kwamba baba yake alipofariki yeye akiwa kidato cha pili, kocha wa ile timu ndiye aliyekuwa akimlisha jioni baada ya mazoezi, na ndiye aliyekwenda shule kumwombea asifukuzwe ada. "Niliogopa nikikuomba utasema hapana," akasema, "na mimi nisingeweza kuwaambia hapana wale watoto." Kwa hiyo akachukua bila kuomba. Nilimwambia ukweli, kwamba pengine ningesema hapana kwa laki sita. Kwa laki mbili ningesema ndiyo.

Basi tumefanya hivi. Tumetenga fungu la timu kila mwezi, dogo, linalojulikana, limeandikwa kwenye daftari letu pamoja na kokoto na umeme. Likiisha limeisha, mlezi awaeleze vijana. Akitaka kuongeza, anakuja kuomba, na mimi nina haki ya kukataa bila kuitwa adui wa mpira. Yeye naye ana haki ya kuniuliza habari za kikoba changu na zile sare za harusi ambazo, nakiri, huwa zinapita kimyakimya. Nilishtuka alipoligusa hilo, lakini lilikuwa la haki.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda uwanjani. Uwanja wenyewe ni vumbi tupu, magoli hayana nyavu, na mashabiki tulikuwa kama arobaini na mbuzi wawili. Vijana wetu walifungwa mbili kwa moja. Lakini zile jezi za bluu, jamani, zilipendeza! Kijana mmoja mwembamba, winga wa kulia, baada ya mechi alikuja akanipa mkono kwa heshima zote, akasema, "Shikamoo mama mlezi." Nikaitikia marahaba huku moyoni najisemea, kumbe na mimi nina cheo.

Madirisha? Bado. Tumeziba kwa mbao, na fundi wa aluminiamu ameshaambiwa asubiri miezi miwili. Mvua ikija upepo tutaujua.

Msomaji wangu, wewe na mwenzio mna timu yenu pia. Inaweza kuwa mpira, inaweza kuwa kwaya, wazazi kijijini, mdogo wako anayesoma, au marafiki wa chuo. Usimwambie mwenzio aache kinachompa uhai. Wala wewe usikihudumie kwa kujificha ukidhani unaepusha ugomvi, maana unauahirisha tu, na ukija unakuja na riba. Mweleze leo. Mwambie ni kiasi gani na ni kwa sababu gani. Atakataa? Inawezekana. Lakini pengine, kama mama yangu, naye anataka kupanda treni.

Nilimpigia mama kumweleza matokeo ya mechi. Nilipomwambia tumefungwa akasema, "Ndaga fijo kwa kunipigia. Sasa niambie, goli la pili kipa alikuwa amesimama wapi?"

Tukutane mwezi ujao, panapo majaaliwa. Nawapenda.